Plastiki ya Kiti

Mara tano nimeingia na kushuka: gari dogo jipya, kisha lile la okazyo lililotumiwa na wengine, kisha jipya tena. Muuzaji amenichoka. Harufu ya plastiki mpya inanirudisha utotoni.

Baba alitaka kununua pikipiki ya okazyo. Mama aliinama, akanusa kiti. Kwetu Kabambare pikipiki hubeba kila kitu: mihogo, wagonjwa, wafu.

“Baba watoto, hii ilibeba maiti. Mimi siipandi.”

“Mama, hata ile mupya itabeba tu,” baba akamjibu.

Mama alishinda. Ikaja mpya, naye akakataza mtu yeyote asitoe plastiki ya kiti.

Plastiki ilikuwa ingali pale, ikilia chini ya mama, siku tulipomfunga kwa kitenge mgongoni mwa baba, hajitambui, wakimbilie hospitali Kasongo.