Kinachokula Betri

Mke wangu alizikwa mvua zilipokuwa zinaanza, na kabla hazijakatika gari lake likaanza kususa. Nasema lake kwa sababu mimi nililipanda kama abiria tu. Yeye ndiye aliyelitoa kila asubuhi hapa kwetu Rukoki kwenda sokoni Bwera, karibu na mpaka, limejaa maharage, na jioni akarudi nalo limejaa mafuta ya mawese na vitenge vya Kongo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipostaafu nikabaki nyumbani, kazi yangu kulalamikia harufu ya mawese kwenye viti. Leseni ninayo, ila barabara sikuipenda kamwe.

Sasa kila nilipoingia kujaribu, nikizungusha ufunguo nilisikia mlio mdogo wa kugongagonga, halafu kimya. Nikawa nafungua betri, naifunga nyuma ya bodaboda, tunaipeleka Kasese mjini kuchajiwa. Nikiirudisha gari linawaka vizuri. Nalizima, nafurahi, naliacha. Baada ya wiki tatu au nne, kimya kilekile. Dereva wa boda alikuwa akiniona kwa mbali anaanza kucheka.

"Mzee, betri yako inapanda boda kushinda wewe!"

Sikuwa na hamu ya kucheka naye.

Kule Bwera alikuwapo rafiki wa mke wangu, mama mmoja wa Kikongo kutoka Butembo. Waliuza pamoja kwenye meza moja miaka mingi. Tangu mazishi alikuwa ananipigia simu kila wiki.

"Papa, unakuya lini? Kuya uone mahali mama alikuwa anatumika kazi. Vitu yake iko hapa, niko naichunga."

"Gari ni bovu, mama."

"Mpaka leo iko mubovu?"

"Mpaka leo."

"Basi tengeneza, Papa. Siye tuko tunakungojea."

Nilitaka kwenda, hilo naomba lieleweke. Waombolezaji walikuwa wamekwisha kurudi makwao na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nikila nilisikia meno yangu mwenyewe. Nusu ya maisha ya mke wangu ilipita pale Bwera, nami sikuijua hata kidogo, kwa kuwa sikuwahi kuuliza zaidi ya bei ya maharage. Sasa alibaki mtu mmoja tu wa kunisimulia, na simu zake zilikuwa zinaanza kupungua. Nilihofia kwamba siku moja angechoka, na nusu hiyo ingepotea moja kwa moja.

Fundi mmoja alikuja, akaniambia ninunue betri mpya kabla hata hajafungua boneti. Nikamshukuru, nikamwonyesha njia ya kutokea. Miaka yote nilifundisha watoto umeme kwa balbu na mawe ya tochi. Nikasema siwezi kushindwa na gari. Nikanunua mita ndogo ya njano ya kupimia umeme, yenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi, nikaanza.

Kwanza nilipima betri yenyewe baada ya kuchajiwa, nikaiacha ikae imefunguliwa, nikapima tena. Haikushuka. Nikaifunga, nikawasha injini, nikapima ikiwa inaunguruma. Namba ikapanda vizuri, maana yake mashine ya kuchaji inafanya kazi. Basi, betri nzima, chaji ipo, lakini gari likilala umeme unaisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Kulikuwa na kitu humo ndani kinakula wakati kila swichi imezimwa.

Kukipata kitu hicho, unafungua waya wa hasi kwenye betri na kuiweka mita katikati, ili umeme wote unaotoka upite kwake. Nikafanya hivyo, nikaenda kufungua mlango wa dereva ili nifikie fyuzi, nikarudi kuitazama mita. Namba ilikuwa imeruka juu! Nilipiga kelele ya furaha kabisa, nikageukia jikoni kumwita mke wangu aje kuona. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, nusu ya jina lake imetoka. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

Nilisimama pale nimeshika bisibisi, nikaumia sana. Na nilipotazama ndani ya gari nikaona taa ya darini inawaka. Nilikuwa nimeiwasha mwenyewe kwa kufungua mlango. Huo ndio wizi niliokuwa nimeukamata.

Nikakibana kile kitufe cha mlangoni kwa kipande cha kitambaa, taa ikazimika, namba ikashuka karibu na sifuri. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, kila mara nikirudi kwenye mita. Hakuna kilichobadilika mpaka nilipochomoa ya saa na redio. Hapo kile kidogo kilichobaki nacho kikapungua. Kilikuwa kidogo kweli, kiasi ambacho saa ya gari lolote inakula ili isipoteze majira. Nikarudishia, nikapima upya, nikapiga hesabu ukutani kwa mkaa. Jibu halikunipendeza. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Saa hiyo ilikula hivyohivyo miaka yote, ila mke wangu alikuwa anaenda Bwera kila siku, na safari ilirudisha kilicholiwa. Gari lilikuwa linakufa kwa kukaa.

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Miezi yote ile nilikuwa nimesema gari ni bovu.

Asubuhi iliyofuata nililiwasha nikaondoka. Sikumpigia mtu simu, maana nilihofia lingeniaibisha njiani. Nilipita Muhokya polepole, malori yakinipigia honi, nikakata kulia Kikorongo, na hadi kufika Kinyamaseke shati lilikuwa limelowa mgongoni. Bwera nilifika soko limechangamka. Bomba la moshi la gari lile lina mtetemo wake, huwezi kulichanganya na jingine.

Yule mama alikuwa ameinama, ananipa mgongo, anamimina mawese kwenye chupa. Aliusikia mtetemo. Hakugeuka, alicheka tu na kupaza sauti:

"Eh, wewe! Leo umechelewa, batu wote beko wanakuuliza!"

Kisha akageuka, akaniona mimi kwenye usukani. Akaiweka chupa chini, akajiziba mdomo.

"Unisamehe, Papa," alisema machozi yakimtoka. "Sikio yangu imesahau."

Nilishuka nikamshika mikono, imejaa mafuta. Tangu tulipomzika, kila mtu aliyemtaja mbele yangu alimtaja kwa sauti ya chini. Huyu alikuwa amemgombeza kwa kuchelewa.

"Mama, nakuomba," nilimwambia. "Mwite tena vilevile."