Mpaka Usiokuwa na Mtu

Andika polepole, mjukuu wangu, wala usipambe. Nikisema jambo la kuniaibisha, liandike kama lilivyo, kwa maana wewe ulikuwamo ndani ya gari lile na utajua nikipindisha. Mama yako atasomewa haya, na wajomba zako watasomewa, na ndiyo sababu nimekuketisha hapa mezani badala ya kukuacha uende uwanja wa Flagey na wenzako. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Kalamu ni yako, maneno ni yangu, mimi koko wako.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili hapa Brussels, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sote tulikuwa tukiishi Koekelberg, nyuma ya basilika, ghorofa ya tatu. Mdogo wangu wa kike, yule aliyenifuata kuzaliwa, alikuwa ameolewa zamani na Mfaransa na kukaa naye Lille, huko Ufaransa. Kila mwezi alikuja kutuona kwa treni. Mimi sikuwahi kwenda kwake. Aliponialika nilimwambia nitakuja majira ya joto, na majira ya joto yalipofika nilisema magoti yananiuma. Kisha akafa Jumanne moja, ghafla, jikoni kwake, huku maji ya mchele yakichemka. Maziko yakapangwa Ijumaa saa tisa alasiri. Mama yako, aliyetangulia kwenda kukaa na wafiwa, aliitaja saa hiyo kwa Kifaransa kwenye simu, quinze heures, akairudia mara tatu, akasema makaburi ya huko hayangojei mtu. Nilidhani anatia chumvi.

Kwetu, jeneza haliteremki kabla mkubwa wa familia hajasimama kando yake, akamtajia marehemu wazazi wake, akamwambia ni nani wa kuwasalimu huko aendako, kisha akatupa udongo wa kwanza kwa mkono wake mtupu. Wazazi wetu walikwisha kufa, na kaka zetu pia. Katika Ulaya nzima, mkubwa wake nilikuwa mimi peke yangu. Nisipofika, mdogo wangu angeshuka kaburini kama mtu asiye na kwao.

Lazima nieleze pia habari za mipaka, la sivyo msomaji ataniona mwendawazimu. Kabla ya kuja huku nilifanya biashara ya unga na vitenge kati ya Lubumbashi na Zambia, nikivukia Kasumbalesa, kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka yangu, pale gari lilivuka peke yake na abiria tukavuka kwa miguu. Unashuka, unafunga kitenge chako vizuri, unasimama kwenye foleni, unamwonyesha askari karatasi yako na uso wako, muhuri unagongwa, unatembea. Na upande wa pili unafanya vivyo hivyo. Walikuwapo waliopita njia za panya, huko vichakani. Mimi sikupita huko hata mara moja, na wanawake niliowafundisha kazi niliwaapisha wasipite. Niliwaambia kwamba mtu aliyevuka bila kuonwa hajulikani alipo. Akipotelea ng'ambo, hakuna atakayesema kuwa alipita hapa. Katika jambo hilo nilisikilizwa. Mwanamke mwenye mizigo miwili na mtoto mgongoni alikuwa akinitafuta kwanza mimi, ndipo amtafute askari.

Basi Ijumaa ile nilivaa kitenge cheusi nilichonunua mtaa wa Chaussée de Wavre, nikafunga pasipoti na kadi yangu ya ukaazi ndani ya leso, nikaiweka kifuani. Nilijiandaa kwa mpaka kuliko nilivyojiandaa kwa kilio. Mungu anisamehe.

Baba yako aliomba ruhusa kazini, na saa saba mchana tukaondoka, watu watatu tu: yeye kwenye usukani, wewe na mimi nyuma. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mimi niliketi nyuma ya kiti chake hasa, kwa sababu mimi ni mama mkwe wake. Katika kabila letu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na juu ya yote hawabishani. Si uadui. Ni heshima, na baba yako aliishika kuliko vijana wengi waliobaki nyumbani. Ndani ya nyumba ile ndogo alikuwa akikohoa kabla ya kuingia kwenye ujia, ili nipate nafasi ya kujitenga. Siku ile, kabla ya kuwasha gari, alikiinua kile kioo cha katikati kikatazama juu kwenye dari, macho yake yasije yakakutana na yangu. Safari nzima aliendesha kwa vioo vya pembeni. Nikiwa na neno nilikupa wewe, ukampa. Naye akiwa na jibu alikupa, ukaniletea.

Tulipita mashamba bapa, ng'ombe, minara ya makanisa. Mvua ilinyesha, ikakatika. Nilikuwa nikiyapanga maneno ya kumwambia mdogo wangu, nikianza na jina la bibi yetu mzaa mama. Tulivipita vibanda fulani vya vioo vilivyofungwa, nikadhani ni kituo cha mafuta kilichokufa. Baadaye kidogo kikatokea kibao cha buluu chenye nyota, nawe ukakisoma kwa sauti, kama mlivyo ninyi watoto wa shule mnaosoma kila kitu.

Nikakuuliza umesoma nini.

"Imeandikwa France, koko. Tuko France."

Nikasema vizuri, basi tunashukia wapi. Ukanitazama kwa mshangao. Ukasema tumekwisha kupita.

Niligeuka nikatazama nyuma. Barabara ilikuwa ileile, nyasi zilezile, ng'ombe walewale. Hakukuwa na bendera, wala mti wa kuzuia gari, wala mtu mmoja aliyevaa kofia. Nchi nzima ilikuwa imekwisha na nyingine imeanza, na mimi nimepitishwa humo kama gunia. Miaka kumi na tisa sikuvuka bila kuonwa. Sasa, katika uzee, nikienda kumzika ndugu yangu, nimefanywa mtu wa njia ya panya.

"Ambia papa yako arudi," nilisema.

Alijibu akikutazama wewe kwa pembe ya jicho. "Ambia koko hakuna mpaka tena. Ni siku nyingi. Bon, muntu anapita tu."

"Ambia papa yako mimi si muntu wa kupita tu."

Mwanamume mwingine angekataa, na angekuwa na haki. Saa ilikuwa nane na dakika chache tu, na Lille ilikuwa karibu. Lakini mkwe hakatai. Akawasha taa ya kukata kona, akatoka kwenye njia kuu, akazunguka, akaturudisha Ubelgiji, akazunguka tena, akaegesha pale kwenye vile vibanda vya vioo. Maana hapo ndipo mpaka ulipokuwa, zamani.

Nilishuka. Nilikaza kitenge, nikakushika mkono, tukatembea. Nimeona vita, nimeona mji ukihamwa kwa siku moja, lakini sijui kama niliwahi kuona kitu kilichonishtua kama pale. Nyasi zilikuwa zimepasua lami. Ndani ya kibanda kulikuwa na kiti kimoja cha ofisi kilichopinduka, na kwenye dirisha, lile tundu la kupitishia karatasi, buibui alikuwa ametandaza utando. Niligonga kioo. Mnisikie vizuri: niligonga, nikangoja, nikagonga tena. Nilikuwa na hakika kwamba wamekwenda kula na kwamba mmoja atatokea akifuta mdomo. Serikali gani inauacha mlango wake hivi? Nilijiambia kwamba kama nchi haina mtu wa kuuliza nani anaingia, basi hata maiti wake haijui ni wa nani.

Kulikuwa na dereva wa lori akila mkate kando ya lori lake. Nikakutuma umuulize maaskari wako wapi. Alicheka mpaka akakohoa. Ukanitafsiria yote, hukuruka hata moja: kwamba pale hapajakaa mtu tangu binti yake alipokuwa anatambaa, na sasa binti huyo ni msichana wa shule, na kwamba bibi akitaka muhuri, yeye yuko tayari kumgongea kwa kitako cha kikombe chake cha kahawa. Nilikuambia umwambie kwamba mama yake alimlea vibaya. Sijui kama ulimwambia.

Kisha nikaketi. Hilo ndilo kosa langu, na hapo uandike kwa herufi kubwa ukipenda. Niliketi kwenye ukingo wa saruji, kadi na pasipoti mapajani, nikasema sitaondoka mpaka mtu anione. Simu ya baba yako ililia, akapokea, akajibu kwa sauti ya chini. Ikalia tena. Kila mara alitembea hatua chache kunielekea, akageuka, akarudi kwenye gari. Alikuambia uniambie kwamba muda umekwenda. Nikakuambia umwambie kwamba nimesikia. Nilijua saa. Nilimwona mdogo wangu moyoni, na bado nikaketi, kwa kuwa nilifikiri kwamba nikimfikia kwa kunyemelea, maneno yangu kwake hayatakuwa na nguvu.

Ndipo baba yako alipofanya jambo ambalo sikuwahi kufanyiwa na mkwe yeyote. Alikuja mpaka mbele yangu. Hakutazama chini, hakutazama pembeni, hakukutafuta wewe. Alichuchumaa, akanitazama machoni, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana jicho moja lenye doa la kahawia.

"Maman," alisema, "mdogo wenu anazikwa sasa. Hata tukikaa mpaka kesho, hapa hatakuja muntu. Mimi nimewaona. Nimeona mmevuka. Simameni."

Nilikuwa na neno la kumchoma, kali, na halikutoka. Nilisimama. Tulitembea watatu hadi garini, akanifungulia mlango, tukaondoka kwenda Lille.

Tulifika saa tisa na dakika arobaini. Watu walikuwa wanatoka kwenye lango la makaburi. Niliwapita bila kuwasalimu, nikafika, nikakuta kijitrekta cha manjano kinasukuma udongo, na juu yake kijana mwenye vifaa vya muziki masikioni. Kando kulikuwa na ndoo iliyobaki na majani machache ya maua ya waridi. Nikaambiwa kwamba kila mtu alirusha majani yale, kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemtajia baba yake. Hakuna aliyemtajia mama yake. Walitungoja dakika kumi na mbili, mama yako alisema akilia, kisha wenye makaburi wakasema kuna maiti mwingine saa tisa na nusu.

Wajomba zako, ambao ni wanangu, walikuwa wamemzunguka baba yako. Mkubwa alimuuliza alikuwa anaendesha gari au anasukuma toroli. Yule wa pili akasema, "Bon, hata tracteur ingekuwa imefika. Ile pale, imetutangulia."

Baba yako aliinamisha kichwa. "Njia ilijaa," alisema. "Embouteillage. Nisameheni."

Nilisikia. Nilikuwa hatua nne kutoka kwao. Wewe ulifungua mdomo, nami nikakubana mkono kwa nguvu, na wewe ni mtoto uliyelelewa, ukaufunga. Nilisimama hapo, mwanamke niliyewaapisha wengine wasipite kwa siri, nikaupitisha uongo ule kimya mbele ya kaburi la ndugu yangu.

Tangu siku ile wajomba zako wanamwita baba yako Bwana Embouteillage. Miaka zaidi ya kumi sasa. Kwenye harusi, kwenye ubatizo, akikaribia mlangoni wanatazama saa na kuulizana kama kanisa limekwisha fungwa. Yeye hucheka pamoja nao. Mama yako alikaa naye miezi bila kuzungumza vizuri kwa sababu ya maziko yale, hilo wewe ulikuwa mdogo hukulijua. Baba yako hakumwambia ukweli hata yeye. Na kwangu alirudia heshima yake kama zamani: bado anakohoa kabla ya kuingia kwenye ujia, na tangu alipochuchumaa mbele yangu hajanitazama machoni tena.

Jumapili iliyopita, kwenye komunyo ya mdogo wako, walimwita hivyo mbele ya mtoto wake, na mtoto akauliza maana yake. Wakamweleza. Baba yako akacheka, akaenda kuongeza barafu kwenye vinywaji.

Basi, andika hivi. Njia haikujaa. Barabara ilikuwa tupu, na baba yako aliendesha vizuri. Aliyemchelewesha marehemu ni mimi, mkubwa wake, niliyekaa kwenye ukingo wa saruji nikimngoja askari asiyekuwapo, wakati aliyenivusha alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu. Mwenye kosa ni mimi. Alibeba kosa langu kwa sababu hakuruhusiwa kulitaja, nami nikamwacha alibebe kwa sababu niliruhusiwa kunyamaza.

Wakija Jumapili hii, uwasomee wote kwa sauti, tangu mwanzo. Baba yako atakuwa ukumbini, kwa hiyo mimi nitakaa jikoni. Mlango uuache wazi, nisikie kama umeruka neno.