Kubali Upunguziwe

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa miaka kumi na mmoja maneno yake machache yaliwatia watu jela. Angenikasirikia kusikia nikisema hivyo. Angesema aliwasaidia, tena kwa moyo safi, na alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Ndiyo maana habari yake inaniuma mpaka leo.

Jina lake Wasike, mkalimani wa korti ya Nakuru. Babu alitoka Bungoma akaandikwa kazi ya reli, akapelekwa Londiani kutengeneza njia, na baba akakulia huko akichunga mbuzi na watoto wa Wakipsigis. Kikipsigis alikijua kuliko Kibukusu chake, na ndugu zake walimtania kwa hilo kila Krismasi. Kiingereza alikipata shule ya misheni, Kikuyu akakiokota sokoni. Mtu wa namna hiyo serikali ya wakati ule haikumwacha abebe mataruma ya reli. Ilimpa koti jeusi, meza ndogo chini ya kiti cha hakimu, na nyumba ya vyumba viwili karibu na boma, yenye bati lisilovuja. Mama yangu, Nasimiyu, aliipenda nyumba hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kupewa.

Hakimu alikuwa Mwingereza mwembamba, mwenye haraka lakini si mkatili. Alikuwa na kanuni moja ambayo kila mtu alijua. Mshtakiwa akikubali kosa siku ya kwanza, asiwasumbue mashahidi wala korti, hakimu alimhesabia jambo hilo kuwa toba na kumpunguzia kifungo, mara nyingine hadi nusu. Aliyebisha kisha akashindwa, alikula kifungo chote. Baba aliyaona hayo kila siku kwa macho yake. Kila asubuhi, kabla korti haijaanza, alipita nyuma kwenye chumba cha mahabusu akasimama penye vyuma na kuwaambia, kila mtu kwa lugha yake: "Kubali upunguziwe." Kule rumande walimwita Bwana Kubali. Alilipenda jina hilo, na mimi nilipokuwa mdogo nililipenda pia.

Kulikuwa na jambo lingine, na hili hakulisema sana. Watu wetu hawajibu swali kwa neno moja. Umuulize mtu kama aliiba kuku, ataanza na mvua ya mwaka wa nzige, aje kwa mgonjwa wake, apite kwa shemeji yake, na kuku hajafika bado. Hakimu alikuwa akigongagonga meza kwa kalamu. Baba alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akageuka na kusema kwa Kiingereza: "Anakubali kosa." Hakimu aliandika. Kazi iliendelea vizuri, na kila mtu alimsifu Wasike kwamba hapotezi wakati.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumatano, mwezi wa sita mwaka wa hamsini na saba. Mshtakiwa wa tatu aliitwa Kipkemei, mzee wa Kikipsigis aliyekuwa mchungaji katika shamba la mzungu kule juu ya Njoro. Alikaa katika shamba hilo pamoja na mke na watoto saba, akapewa mahali pa kulima na kulisha ng'ombe wake wachache kwa kazi yake. Mtamba mmoja wa mzungu alikuwa ametoweka kutoka kundi alilochunga. Polisi walipomhoji alisema, bila kutetemeka, kwamba mtamba amepelekwa rizavu, nchi waliyotengewa Wakipsigis, na watu wa kwao. Ilitosha. Wakamfunga pingu.

Baba alimkuta asubuhi kwenye vyuma, amejifunika blanketi lake, ametulia kabisa.

"Mzee, wewe kubali tu," baba akamwambia kwa Kikipsigis. "Wizi wa ng'ombe ni miezi kumi na minane. Ukikubali, hakimu huyu hutoa tisa. Nimeona."

"Tumeshakubali," akasema mzee. "Wazee walikaa siku mbili. Hakuna anayebisha."

Baba alifurahi. Mtu kama huyo hakuwa na haja ya kubembelezwa.

Saa tano na nusu Kipkemei akapandishwa kizimbani. Shtaka likasomwa, baba akalitafsiri. Mzee akashika ukingo wa kizimba, akazungumza polepole kama mtu aliye mbele ya baraza. Alisema mtamba alipotea mikononi mwa nyumba yao. Alisema mdogo wake Kipkoech, mtu mzima mwenye mke, ndiye aliyemtoa zizini, yeye Kipkemei akiwa amelala. Lakini baba yao amekufa, na yeye ndiye mkubwa wa nyumba, kwa hiyo ndiye wa kujibu. Nyumba yao haikatai. Wamekuja kulipa.

Kalamu ya hakimu iligonga meza.

"Anakubali kosa," akasema baba.

Inspekta wa mashtaka akasoma maelezo, kwamba mshtakiwa alimtoa mtamba zizini akamswaga hadi rizavu. Hakimu akauliza kama maelezo hayo ni ya kweli. Baba akamgeukia mzee na kumuuliza: "Ni kweli mtamba alitoka zizini kwa mzungu akaenda rizavu?" Mzee akajibu kwamba ni kweli. Baba akasema: "Anasema ni kweli." Hakimu akaandika kwamba amepatikana na hatia, kisha akasema atatoa hukumu saa nane, kwa kuwa saa sita ilikuwa imekaribia na alikuwa na barua ya kuandika. Hivyo tu. Sina shaka baba hakuhisi kitu chochote. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mno.

Watu walipotoka, baba alisikia askari akifoka nje. Akaenda kuangalia. Penye ua wa maua ya serikali walisimama wazee wanne wenye fimbo, na mbele yao mitamba watatu, wawili wekundu na mmoja mwenye madoa, wakila majani ya boma kwa amani. Kinyesi kilikuwa kimejaa kwenye kokoto zilizopangwa na wafungwa. Askari aliuliza kibali cha kutembeza ng'ombe, wazee wakamtazama tu, kwa maana hawakujua Kiswahili.

"Mnataka nini hapa?" baba akawauliza kwa lugha yao.

"Tumemleta huyu wa malipo, na wawili wa kufuta aibu," akasema mkubwa wao. "Tumetembea tangu jana. Yule mzungu yuko wapi aje awaangalie? Kipkemei akishakubali, tunawatoa, tunakwenda naye nyumbani."

Baba alinisimulia mara nyingi habari ya pale. Kwao, mkubwa wa nyumba akikubali mbele ya wazee, jambo limekwisha. Nyumba hulipa, watu hushikana mikono, na mwenye kosa mwenyewe hukaripiwa tu na jamaa zake baadaye. Hakuna anayefungwa. Baba alilijua hilo tangu utoto wake Londiani; aliwahi kula nyama ya mapatano hayo. Na bado alisimama kortini akalikata lile neno mahali palipomfaa yeye. Mzee Kipkemei alikuwa anangoja kwenda nyumbani kunywa maziwa yake ya mursik, na saa nane angepewa miezi tisa, kisha meneja wa shamba amtoe mke na watoto saba barabarani, kwa sababu mchungaji mwenye hatia ya wizi hakuwekwa shambani hata siku moja.

Alirudi kwenye vyuma. Mzee alikuwa ameketi.

"Wamefika na ng'ombe?" akauliza.

"Wamefika."

"Basi mbona huyu askari hafungui?"

Baba akageuka, akaja nyumbani.

Mimi nilikuwa na miaka minane, nimekaa mlangoni nachambua maharagwe, naye alinipita bila kuniita Truphosa wala jina lolote. Mama alimwekea ugali na sukuma. Hakuunawia mikono. Alimweleza mama yote kwa sauti ya chini, na mimi nikaacha kuchambua.

"Si umwache tu?" akasema mama. "Tisa si nyingi. Wewe mwenyewe husema."

"Hakuiba, mama Truphosa. Na aliniambia. Aliniambia mbele ya watu wote na mimi nikameza."

"Ukimwambia hakimu umemeza, atakufanya nini?"

"Atanifuta."

Mama alitazama dari, lile bati lake. "Tunatoka hapa, basi," akasema. "Mwisho wa mwezi tumetoka, na watoto hawa." Alikasirika kweli, sitamfanya mtakatifu. Alimwambia kwamba yeye ni mjinga, kwamba mjinga hapewi koti jeusi, kwamba afadhali angekufa na siri yake kama wanaume wengine. Baadaye mama akauliza, kwa hasira ileile: "Huyo mzee ana watoto wangapi?"

"Saba."

Mama akauondoa ugali mezani. "Saa nane ikifika utakuwa umechelewa," akasema. "Enda."

Korti ilikuwa imejaa. Hakimu alikuwa ameshashika karatasi ya hukumu aliposikia mkalimani wake akisema, bila kuulizwa, kwamba ana jambo. Inspekta alimgeukia kwa jicho baya. Baba alisimama. Alisema kwamba mshtakiwa hakukubali kosa. Alisema kosa ni la ndugu yake na kwamba nyumba yao iko tayari kulipa. Kwamba hata lile swali la maelezo hakuulizwa lote. Kwamba haya yote ni kosa la mkalimani. Mzee Kipkemei, kule kizimbani, alikuwa akitazama kwa upole, hajui kinachosemwa, kwa kuwa safari hii hapakuwa na wa kumtafsiria.

Hakimu akachukua kalamu, akafuta alichoandika asubuhi, akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Kesi ingesikizwa baada ya wiki mbili, na mkalimani mwingine aletwe kutoka Kericho. Akaamuru watu watoke. Baba akabaki.

"Asubuhi hii ulifanya hivyo kwa huyu," akasema hakimu. "Na wengine?"

Baba alikuwa amejiandaa. Njiani kutoka nyumbani alikuwa ameanza kuwakumbuka mmoja mmoja, na alitaka kuwasema wote, kama mtu anayetapika sumu. Akafungua kinywa. Hakimu akainua mkono.

"Hapana," akasema. "Usiniambie. Kila mmoja ana faili, na kila faili ina sahihi yangu." Akakusanya karatasi zake. "Umekiri mwenyewe, tena mapema. Kwa sababu hiyo sitakushtaki. Funguo za nyumba uzilete Ijumaa."

Basi tulitoka. Tulihamia chumba kimoja mtaa wa Bondeni, na mama hakuzungumza na baba wiki nzima, kisha akazungumza naye kwa miaka thelathini iliyofuata bila kumtajia nyumba ile hata mara moja. Kesi ya Kipkemei ilisikizwa, na kwa kuwa hapakuwa na ushahidi mwingine wowote juu yake, akaachiliwa. Mzungu wake alimtoa kwenye ng'ombe akampeleka kuchuma pareto, lakini familia ilibaki. Kipkoech alikamatwa Sotik mwezi wa nane. Alikubali kosa, kwa kinywa chake mwenyewe, akijua anachokubali, akapewa miezi tisa. Kwa hilo sina neno. Mtu aliyekosa akikubali, apunguziwe. Ni haki yake.

Baba alipata kazi ya kupanga mbao katika kiwanda kimoja karibu na stesheni. Jumapili moja, mwaka uliofuata, tulikuwa tunatoka kanisani mimi na yeye, nimemshika mkono, akatokea mtu mmoja mwenye shati safi akakimbia kuvuka barabara kutufikia. Alimsalimia baba kwa heshima kubwa.

"Mzee Wasike, umenisahau. Mimi Ndung'u, wa ile baiskeli ya mwalimu. Wenzangu wawili walibisha, wakala miezi sita sita. Mimi ulinipigania nikapata mitatu. Mke wangu hukuombea."

Baba alimtazama.

"Ndung'u," akasema, "hiyo baiskeli, uliichukua?"

Yule mtu akacheka kwa mshangao, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili.

"Mimi? Hapana, mzee. Nilikuwa Gilgil kwa dada yangu. Si nilikuambia siku ile?"