Nyuzi Kumi na Tano

Mtaa mzima ulimwita Mama Nyuzi, na wageni walidhani ni kwa sababu ya cherehani iliyokuwa mlangoni. Cherehani haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, mshonaji, ambaye alikodi naye chumba kimoja cha duka wakakigawa kwa pazia: mbele nguo, nyuma kompyuta. Nyuzi za Mama Nyuzi, fundi wa kompyuta, zilikuwa za joto. Ukimletea mashine inayozimika yenyewe, hakuuliza umeifanya nini. Aliuliza, "Inafika nyuzi ngapi?" na ukisema hujui, alikutazama kama mtu aliyempeleka mtoto hospitali bila kujua jina lake.

Kila asubuhi, kabla hajavua hata mtandio, aliwasha kompyuta yake ya kazini na kusoma mistari michache ya tarakimu. Zilitoka mbali, kwenye kompyuta ya binti yake wa pekee, aliyekwenda kusoma nchi ya baridi na sasa alikuwa mwaka wa pili huko. Mashine hiyo mama aliiunda kwa mikono yake, kwa vipuri vya kuokoteza, akaifungasha katikati ya sweta za mtoto. Aliiachia njia ya kuiingia kutoka mbali ili ikiharibika aitengeneze akiwa hapa hapa dukani. Haikuharibika hata siku moja. Basi njia ile ikabaki na kazi ya kumletea vipimo vya joto la prosesa, ubongo wa mashine, saa baada ya saa.

Simu walipigiana, ndiyo, lakini za binti zilikuwa fupi na za mbio mbio. Niko salama, mama. Chumbani kwangu joto tu, mama, usijali. Nawahi darasani, mama. Tarakimu hazikuwa na haraka. Mashine ikipumzika, thelathini na mbili. Jioni zinapanda ghafla hadi themanini, na zinakaa huko huko saa mbili nzima.

"Mwanangu anasoma huyo," alimwambia mdogo wake kupitia pazia. "Jana themanini. Mashine inatoka jasho kwa masomo."

"Dada, mtoto unampima joto kutwa, na wala haumwi," mdogo wake alijibu, mguu uko kwenye kanyagio. "Si umpigie umwambie umemkumbuka, yaishe?"

"Nimwambie ili iweje? Aache shule?"

Alimkumbuka mno, hilo halikufichika. Kandambili za binti zilikuwa bado mlangoni, na ole wake mgeni aliyezivaa. Jioni alijikuta amepika chakula cha watu wawili, akajikasirikia, akala kimoja na kukitazama cha pili. Kilichomtuliza ni zile tarakimu tu. Zilimwambia kwamba mtoto yuko mahali pa joto na anafanya kilichompeleka.

Mchana mmoja karani wa shule ya jirani alileta kompyuta yenye feni ya kelele. Fundi akaifungua, akakuta prosesa ya toleo la zamani, nadra, ndugu kabisa na ile aliyomwekea binti yake. Akapuliza vumbi, akaiwasha, akaiacha ikae bure. Skrini ikasema hamsini na mbili. Akagusa kipoza joto kwa kidole, maana fundi asiyegusa hujidanganya mwenyewe. Chuma kilikuwa vuguvugu tu.

"Mwongo wewe," akaiambia skrini.

Akaifungua draiva, ile programu ndogo inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na kuzungumza na chuma kwa niaba ya programu nyingine zote. Kihisi kilichomo ndani ya prosesa za aina ile hakijui joto lenyewe. Kinajua jambo moja tu: zimebaki nyuzi ngapi kufikia kikomo cha joto inachostahimili prosesa. Draiva ndiyo inayopiga hesabu, inachukua kikomo na kutoa zilizobaki. Kikomo chenyewe inakipata kwa kuitafuta prosesa kwenye orodha yake, na hii haikuwamo. Draiva isipoikuta haisemi sijui. Inakisia kikomo ni mia moja na kuendelea na kazi bila haya. Karatasi ya kiwandani ilisema themanini na tano.

Nyuzi kumi na tano za uongo! Alizifuta kwa mstari mmoja, skrini ikashuka hadi thelathini na saba, na kwa dakika nzima alifurahi kama fundi yeyote anavyofurahi. Kisha akaikumbuka mashine ya binti: prosesa ile ile, draiva ile ile.

Thelathini na mbili, toa kumi na tano, zinabaki kumi na saba. Na prosesa iliyopumzika hukizidi joto chumba ilimo kwa nyuzi kama kumi; yeye mwenyewe huwafundisha wateja hivyo. Zikabaki saba.

"Mdogo wangu," aliita, "ndani ya friji kuna nyuzi ngapi?"

"Mimi nitajuaje? Nne, tano. Kwani kuna nini?"

Alijiambia kwamba vihisi hivi hukosea mashine ikiwa baridi, na ni kweli hukosea. Lakini mkono ulikuwa umeshachukua simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umevaa nini sasa hivi?"

"Swali gani hilo, mama?"

"Nijibu."

"Koti," binti akasema. "Na blanketi juu yake."

"Ndani ya nyumba?"

"Hita imekufa tangu baridi ilipoanza. Kila siku naambiwa fundi anakuja. Mafundi wa huku si kama wewe."

"Na ukaniambia kuna joto!"

"Ningekwambia ukweli ungesema rudi. Na ungesema mara moja tu, mama, ningerudi. Nimekukumbuka hadi mwili unauma. Na zimebaki wiki tisa nimalize."

"Na zile themanini za jioni? Si ulikuwa unasoma?"

Binti akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Naipa hesabu zisizo na maana izipige, halafu naweka mikono nyuma, pale feni inapotoa hewa. Vidole vikipata joto ndipo nashika kalamu."

Neno rudi lilikuwa limefika mdomoni. Alilishikilia kwa meno.

"Nimekukumbuka, mwanangu," alisema badala yake. Akakata simu kabla mtoto hajamsikia akilia.

Mdogo wake alikuwa amefunua pazia, sindano bado mdomoni. Mama Nyuzi alijifuta kwa mtandio, akavuta kibodi, akaingia kwenye mashine ya mbali na kuisahihisha draiva. Tarakimu ikajitokeza ilivyo: kumi na saba. Akaandika amri moja, mashine ianze kuzidisha namba ndefu zisizohitajiwa na mtu yeyote, kwa nguvu zake zote.

Ishirini na sita. Arobaini. Hamsini na tisa.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. "Mama, mashine inaunguruma yenyewe. Sijaigusa!"

"Ni mimi," akaandika. "Weka mikono."