Chumvi Chini ya Nyundo

Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu pekee wa fizikia katika sekondari moja ya Kasulu, mtu wa Tanga niliyepangiwa huko na serikali. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma ng'ambo, kwenye maabara inayopiga fuwele, vitu kama chumvi na almasi, kwa kishindo kikubwa na kuzimulika kwa eksirei papo hapo, ili kuona atomu zake zinavyojipanga. Niliiota maabara ile hata nikisahihisha madaftari. Kilichobaki ni ruhusa ya mkuu wa shule tu.

Mkuu hakuwahi kuninyima. Kila nikienda aliniuliza habari za nyumbani, akanimiminia chai, akasema, "Tutaliangalia, mwalimu." Kwa watu wa Kasulu kumkatalia mtu usoni ni utovu wa adabu, nami mgeni nikadhani chai ile ni dalili njema.

Asubuhi moja, wanafunzi wakiwa mstarini, akawatangazia: "Mwalimu wetu wa fizikia alipata safari ya ng'ambo. Kwa mapenzi yake kwenu, ameamua kubaki. Mpigieni makofi!"

Makofi yakarindima. Nilitaka kupiga kelele. Nikatabasamu kama bwege. Ningemkanushaje mbele ya watoto wale?

Wazazi wakaanza kuleta maharage na ndizi mlangoni kwangu. Mama mmoja alitoka Buhigwe na mkungu kichwani, akanishika mikono yote miwili. "Mwakoze chane, mwalimu. Asante kwa kutobebwa na Wazungu. Binti yangu atakuwa daktari." Ndizi zile ndizo zilizonifunga. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawakusema kwamba na akuzuiaye hakwambii baki.

Wiki ile niliingia kidato cha nne na bonge la chumvi ya Uvinza. Nyundo yangu iliipasua tu. Nikawaeleza kwamba ikipigwa kwa kasi kubwa mno, chumvi haipati nafasi ya kukwepa pembeni. Atomu zake hubanwa mpaka zikajipanga upya.

"Halafu?" aliuliza binti wa yule mama.

"Halafu kishindo kinapita, zinarudi kama zamani. Ukija baadaye huoni kitu. Ndiyo maana eksirei lazima iwepo wakati ule ule chumvi inapopigwa."

Mkuu alikuwa akipita, akachungulia dirishani. "Mwalimu, mambo yanakwenda?"

"Vizuri sana, mkuu," nikamjibu, nikawaambia watoto waandike.