Matofali Niliyoyavua Majani

Siku pikipiki iliponibeba kutoka Kasongo kwenda Kabambare, niliimba njia nzima mpaka dereva akaniambia, "Dada, funga kinywa, utakula vumbi." Nani angenifunga? Nilikuwa nimetoka kupata diplome ya sekondari, sijawahi kulala nje ya nyumba ya baba, na sasa nakwenda kujitolea! Tulikuwa vijana sita, tukapelekwa kijijini kufyatua matofali ya darasa. Watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wanasomea chini ya turubai, na mvua zilishakaribia.

Wamama walichota maji, wakakanyaga udongo, sisi tukafyatua. Siku ya pili matofali yalijaa uwanja mzima, yamefunikwa majani ya migomba. Mimi na haraka zangu za mjini, nikaona majani yanatuchelewesha. Asubuhi iliyofuata, wenzangu wakiwa kwenye chai, nikayavua yote. Jua kali lile! Nikajipongeza kabisa.

Kufika saa sita mchana yalikuwa yamepasuka. Yote. Mama aliyesimamia kazi, ambaye mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale wa turubai, akauliza, "Ni nani alitosha majani, akaacha matofali uchi?"

Hakuna aliyeniona, ningeweza kunyamaza tu.

"Ni miye, mama. Nilifikiri yatakauka mbio."

"Na ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza mutu."

Nilingoja matusi. Akanisukumia ndoo. "Mayi iko kule chini. Udongo tutaulowesha tena, lakini leo utabeba wewe."

Wee, nilibeba! Shingo iliwaka moto, nikimwaga wamama wananicheka, nami nacheka nao. Kila kitu nikauliza: udongo umeiva? Nifunike sasa? Walinichoka kwa maswali. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Siku ya tano wingu likatanda ghafla. Nikapiga kelele, "Majani! Majani!" na kijiji kizima kikatoka mbio, tukafunika matofali mapya, majani juu ya majani, mpaka tukalowa chapachapa. Mvua ilipopita tukafunua pole pole. Mazima! Nilirukaruka kwenye tope kama mtoto.

Yule mama akanishika bega. "Kesho wanakuja vijana wengine kutoka Kasongo. Miye nitakuwa shamba. Wewe ndiye utawaonyesha kazi."

"Miye, mama? Miye niliyeharibu?"

"Ndiyo wewe. Wao bado hawajaharibu kitu."