Nilimkabidhi Wifi Ulimi Wangu

Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa uani kwangu, mtaa wa Bweri mjini, nikianika dagaa. Naitaja siku hiyo kwa sababu ndipo nilipojua kwamba nimemtesa mama mzee asiye na hatia. Kosa ni langu, wala sitafuti wa kunitetea.

Mimi ni mwalimu, mjane, mzaliwa wa vijiji vya ziwani. Marehemu mume wangu alikuwa Mzanaki wa Butiama. Mama yake hajui Kiswahili zaidi ya salamu, nami kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa sikujifunza Kizanaki. Watoto wetu walikulia mjini, nao hawakijui. Mume wangu ndiye aliyetutafsiria. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, kazi hiyo ikachukuliwa na dada yake, aliyerudi kuishi kwa mama baada ya ndoa yake kuvunjika.

Nilimpenda wifi huyo! Nilimweleza hata yale nisiyomwambia padri.

Kila wiki alinitumia sauti ya mama kwenye simu, na chini yake akaniandikia maana. Mwaka jana mama alianguka, akaumia nyonga. Nikamwomba aje kwangu nimtunze. Wifi akanijibu: "Wifi, mama amekataa katakata. Anasema nyumba ya mtu wa ziwani inanukaga samaki. Anasema wewe ndiye uliyemchosha mwanawe mpaka akafa."

Mpaka akafa! Sikuuliza mara mbili. Nilishika simu nikatamka: "Mwambie abaki na kiburi chake. Mimi kwake sikanyagi tena."

Na kweli sikukanyaga, miezi kumi na moja. Sauti za mama ziliendelea kuja, sikuzifungua. Jumamosi hiyo nikafungua moja, sijui kwa nini. Jirani yangu mpya, Mama Wegesa, Mzanaki, alikuwa amekuja kuomba ndimu. Akasimama, akasikiliza.

"Mwalimu, kwani huyu bibi ulimfanyaga nini?"

"Ananitukana tena?"

"Anakutukana! Wewe! Anauliza alikukosea wapi. Anasema alifunga nguo zake siku ileile ulipomwita, na mpaka leo hajazifungua. Ee Mungu, na wewe umetulia hapa unaanika dagaa!"

Tulizisikiliza zote, moja baada ya nyingine. Hakuna palipotajwa samaki. Hakuna palipotajwa kifo.

Kesho yake, baada ya misa, tulikwenda Butiama. Wifi alipomsikia Mama Wegesa akimwamkia mama kwa Kizanaki, alijua.

"Wifi, mama angeondoka, mimi ningebaki na nani?" alisema. "Kaka zangu wangenifukuza siku hiyohiyo."

"Na yale maneno yangu ya kiburi? Ulimwambia nini?"

"Hayo nilimwambia kama ulivyoyasema."

Hayo! Alipotosha jibu la mama, akachuja machozi yake, kisha akafikisha kwa uaminifu neno lile moja lililostahili kufichwa.

Mama alinisikiliza nikimwomba radhi, akanishika mkono, akanisamehe. Halafu akasema jambo ambalo Mama Wegesa alisita kulitafsiri.

"Sema tu," nikamwambia.

"Anasema kuja kwako haji tena. Ameshazoea kutotakiwa."

Nimesalitiwa, ndiyo, na mtu niliyemwita ndugu. Lakini ulimi wangu nilimkabidhi mwenyewe, tena kwa furaha, kwa kuwa kujifunza lugha ya mkwe niliona kazi. Wewe unayesoma, kama kuna mtu wako ambaye maneno yake yanakufikia kwa kinywa cha mwingine, nenda ukamtazame usoni. Nenda hata kama huna lugha. Hasira yangu ilihitaji nusu dakika ya simu. Safari ya kwenda kuuliza niliiona ndefu!

Wiki tano baadaye nilimpelekea wifi barua hii:

"Wifi,

Sijakusamehe, na sitaki kukudanganya kwa adabu. Lakini sitakushtaki kwa kaka zako. Hapo ni kwenu, na wakitaka kukutoa watanikuta nimesimama mlangoni.

Nitakuja kila Jumamosi kukaa na mama. Mama Wegesa ananifundisha Kizanaki jioni, na bado nakivunjavunja. Nikikosea, usinisahihishe wala usinisaidie. Acha mama anicheke mwenyewe."